Alihamishwa Mombasa au Alihamishiwa Mombasa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kisauni. Katika maelezo ya historia niliyowaandalia wanafunzi, niliandika kwamba Sayyid Khalid bin Barghash "alifukuzwa Zanzibar, akahamishwa Mombasa". Mwalimu mwenzangu anasema sentensi hiyo ina makosa mawili, nami silioni hata moja. Je, kufukuza, kuhamisha, kutimua na kufurusha si mamoja?

JIBU: Mwenzako amesema kweli, mwalimu, ila kosa la kwanza limeingia kwa mlango wa historia na la pili ndilo la sarufi hasa.

Mwezi wa Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipolipiga kwa mizinga jumba la mfalme kule Zanzibar, Khalid, aliyekuwa amejitwalia kiti cha usultani bila ridhaa yao, alikimbilia katika ubalozi mdogo wa Ujerumani, na baadaye Wajerumani wakamvusha hadi Dar es Salaam. Waingereza hawakumtaka aondoke. Walimtaka wamtie mkononi. Kufukuza mtu kutoka mahali ni kumtaka atoke na kumlazimisha atoke, kwa hiyo hapo neno linalofaa ni kwamba Khalid alikimbia au alitoroka. Ugumu unazidi kwa kuwa kitenzi hiki kina sura ya pili, ile ya kumwandama anayekimbia ili umkamate. Tukisema "polisi walimfukuza mwizi hadi Buxton", hakuna anayeelewa kwamba polisi walitaka mwizi aende zake. Na tukisema "mama amemfukuza kunguru jikoni", hakuna anayeelewa kwamba mama alitaka kumshika. Muktadha ndio unaoamua, na katika sentensi yako muktadha haukutosha.

Sasa tuje kwenye kosa la pili, ambalo ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa wanafunzi wako. Kitenzi kuhama humtazama mtu kutoka upande wa mahali anapopaacha, na kuhamia humtazama kutoka upande wa mahali anapoingia: aliyehama Mombasa ametuacha, na aliyehamia Mombasa ni jirani yetu mpya. Tofauti hiyo haipotei tunapoongeza kiambishi cha kusababisha. "Alihamishwa Mombasa" huelekea kumaanisha kwamba aliondolewa Mombasa, ilhali "alihamishiwa Mombasa" maana yake ni kwamba aliletwa Mombasa. Irabu moja tu imempeleka mtu safari ya kinyume. Ukipenda kubaki na kuhamishwa, basi taja pande zote mbili, kama wafanyavyo makarani wanaoandika kwamba afisa fulani amehamishwa kutoka Mombasa hadi Wajir.

Isitoshe, hata "alihamishiwa" isingemfaa Khalid kwa habari ya Mombasa. Waingereza walimkamata wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakampeleka uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli na Saint Helena, na mwishowe wakamruhusu arudi Afrika Mashariki, ambako alifariki hapa Mombasa mwaka 1927. Alihamishiwa visiwani, Mombasa alikuja kwa ruhusa.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya kufukuza na kuhamisha. Anayefukuza hajali uendako, mradi utoke; anayehamisha amekwisha kukuchagulia mahali, na mara nyingi huweka mtu wa kukulinda huko. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia nchini Uganda kwa kuwapa siku 90, na pa kwenda wakajitafutia wenyewe. Lakini Mekatilili wa Menza, alipokamatwa mwaka 1913 kwa kuwachochea Wagiriama wawapinge wakoloni, alihamishiwa magharibi mwa Kenya, mbali na watu wake, kisha akatoroka na kurudi kwao. Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika nchini Kenya, naye alihamishiwa Kismayu mwaka 1922. Kuandika kwamba hawa wawili "walifukuzwa" ni kuipunguza adhabu yao, maana aliyefukuzwa angalau huchagua njia.

Jihadhari pia na nomino. Uhamisho ni neno la ofisini kama lilivyo neno la siasa, na mwalimu aliyepata uhamisho wa kwenda Wajir hajaadhibiwa, hata kama yeye mwenyewe anaona vingine. Likiongezwa -ni, hata hivyo, maana hubana: "yuko uhamishoni" husemwa juu ya mtu aliyezuiwa kuishi kwao au anayeogopa kurudi, wala halimhusu mtumishi aliyebadilishiwa kituo.

Kutimua na kufurusha yako karibu na kufukuza, ila yana vurugu ndani yake. Huyasikia sana redioni wachuuzi wanapoondolewa barabarani au wanasiasa wanapotolewa chamani. Katika maandishi ya historia ningeyatumia kwa uchache. Kumbuka pia kwamba "ametimua mbio" ni mtu aliyekimbia mwenyewe, hakufukuzwa na yeyote.

Katika maneno ya kila siku, "amefukuzwa kazi" na "amefukuzwa shule" ni sahihi bila -ni, kwa sababu kilichopotea ni nafasi, si jengo. Mtoto aliyeambiwa akalete karo "amerudishwa nyumbani", na si vyema kumtangaza kuwa amefukuzwa shule, maana wiki ijayo utamwona darasani. Kwa nchi na nyumba mimi huandika "amefukuzwa nchini" na "amefukuzwa katika nyumba ya kupanga". "Amefukuzwa nchi" nimeisikia, lakini kalamu yangu huikataa. Na pale mwenye nyumba anapowatolea watu vyombo nje, andika kwamba walifukuzwa na mwenye nyumba kwa kutolipa kodi, wala usiandike kwamba "walifukuzwa na kodi", kwani na humtaja mtenda, nayo kodi haijapata kumshika mtu mkono ikamtoa mlangoni.