Mvua za Desemba Ziwa Victoria: tatizo ni saa mnayovuka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Tabata, Dar es Salaam. Desemba tunataka kuwapeleka watoto wakale Krismasi kwa bibi yao Nansio, Ukerewe, tukipitia Mwanza. Mume wangu anataka tungoje Juni kwa sababu Desemba ni mvua, na kweli programu ya simu inaweka wingu la radi kila siku, wiki mbili mfululizo. Shemeji ana rafiki mwenye boti. Huyo anasema tusiogope, mvua za huko ni za mchana, usiku ziwa linalala. Atatuvusha saa tisa usiku. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mama. Nendeni Desemba, bibi asingojeshwe. Mumeo hajakosea kuhusu mvua: Mwanza hunyesha kuanzia Oktoba hadi Mei, na ule ukavu wa Januari na Februari mliouzoea Pwani huku hauji hivyo, mvua hupungua tu. Mikavu hasa ni Juni hadi Agosti. Lakini miezi hiyo nayo ina upepo wa kusi, unaoinua mawimbi bila tone la mvua.

Anayenipandisha presha ni huyo mwenye boti. Kauli yake naisikia kila mwaka, mwaloni, stendi, hata msibani, na ingekuwa kweli kama mngekuwa mnakwenda Shinyanga. Huko ardhi hupata moto mchana, hewa hupanda, mawingu hujikusanya, jioni mvua. Ziwa Victoria hufanya kinyume. Lina kilomita za mraba takriban 68,800 za maji, na maji hayo hubaki na uvuguvugu usiku kucha wakati nchi kavu imeshapoa. Basi hewa baridi huteremka kuingia ziwani kutoka kila upande: Mwanza, Musoma, Bukoba, Kenya, Uganda. Zinakutana juu ya maji ya uvuguvugu na hazina pa kwenda ila juu. Radi hujengeka hapo, usiku wa manane mpaka asubuhi. Aliyelala Capri Point, pale Mwanza mjini kando ya ziwa, anaweza kuona umeme unamulika kwa mbali ziwani saa nane usiku huku juu ya paa lake kuna nyota. Wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni usiku wa giza na taa, wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Waulizeni wao, msimuulize mwenye boti anayetafuta abiria.

(Pepo za mashariki huzisukuma dhoruba hizo upande wa magharibi, ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Mwanza karibu nusu yake. Mkipanga kupita huko pia, bebeni makoti.)

Programu ya simu achaneni nayo. Wingu lile la radi halina maana ya mvua kutwa. Maana yake ni kwamba ndani ya saa 24 kuna uwezekano wa radi mahali fulani, na hapa Desemba uwezekano huo upo karibu kila siku. Dhoruba ya ziwa inaweza kuwa na upana wa kilomita chache na kuisha ndani ya saa moja. Hesabu za kompyuta za utabiri wa dunia nzima haziioni, sembuse ya siku ya kumi na nne. Na wale wanaosambaza utabiri wa siku arobaini kwenye makundi ya WhatsApp, sijui wanaupata wapi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa wenye upepo na urefu wa mawimbi. Usomeni jioni ya kabla ya safari na tena asubuhi yake.

Pandeni meli ya abiria ya mchana kutoka Mwanza hadi Nansio. Kama maji yanawatia hofu, zungukeni kwa gari hadi Bunda na Kisorya, mvuke kwa kivuko mpaka Rugezi; hapo mtakaa majini muda mfupi tu. Ikilazimu boti, msimu wa mvua ondokeni baada ya saa nne asubuhi, dhoruba za usiku zikishatawanyika, na muwe nchi kavu kabla ya saa tisa alasiri. Kila mtoto avae jaketi okozi la kumtosha, limefungwa tangu gatini. Lililolaliwa na magunia chini ya benchi si jaketi.

Wala msidhani kiangazi kingewasamehe. Kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, mchana, kikiwa kimekaribia kufika, kwa sababu kilibeba watu kupita uwezo wake. Walikufa zaidi ya 220. Watu huchagua mwezi kwa makini, kisha wanapanda chombo ambacho maji yanakaribia ukingo kwa kuwa nahodha ana haraka. Mkikuta kimejaa, shukeni, hata kama nauli haitarudi.

Huyo rafiki wa shemeji akisisitiza saa tisa usiku, mwambieni atangulie na mizigo.