Usiikate Entari Kabla Hujakielewa Kikwapa

Entari, yaani joho la Kituruki la kuvaa juu ya shati, ya kwanza niliyoishona nyumbani iliniharibikia mahali pamoja tu, chini ya kwapa. Nilikuwa nimenunua paterni ya mavazi ya kike ya Kituruki ya zama za Waosmani, yenye shalvari (suruali pana), shati jepesi la ndani na entari ya kuvaa juu yake. Nilipoona kwamba mkono wa entari ni kipande cha mstatili kisicho na mviringo wowote begani, nilidhani mchoraji amerahisisha kazi, nikachonga tundu la mkono kama la magauni niliyozoea kushona. Nikisimama wima, vazi lilinikaa vizuri. Nikiinua mkono, entari nzima ilipanda nao. Nililazimika kununua kitambaa kingine.

Sikujua kwa nini vazi hili hukatwa hivyo. Hariri nyingi za Bursa, mji wa Uturuki, za zama zile zilikuwa na upana wa karibu sentimita 65, tena za thamani kubwa, kwa hiyo fundi hakuchonga miviringo ya kumwachia mabaki. Alikata mistatili na vipande vyenye kupanuka kuelekea chini, akaviunga, na nafasi ya mkono kujongea akaiweka katika mraba mdogo chini ya kwapa. Anayeijua kanzu ya pwani tayari ana majina ya vipande hivi: badani za mbele na nyuma, taharizi za ubavuni, na kikwapa, yaani ule mraba wa chini ya kwapa. Paterni yangu ilinifungukia siku nilipoacha kuisoma kama gauni na kuanza kuisoma kama kanzu.

Kikwapa ndicho cha kukifanyia mazoezi kabla ya yote. Mimi hukata mraba wa sentimita 12, nikiongeza sentimita 1.5 za mshono kila upande, kisha hutia alama ya chaki katika kila pembe pale mishono inapokutana. Upande mmoja huungwa na mkono, na upande unaofuata huungwa na ubavu wa vazi. Anzia kushona kwenye alama na umalizie kwenye alama, wala usiiendeshe cherehani hadi ukingoni, kwa sababu mshono ukiipita pembe hata kidogo tu kitambaa hufanya kikunyo ambacho pasi haiwezi kukiondoa. Shona kwanza vikwapa viwili au vitatu kwenye vipande vya merikani, halafu ushone entari nzima ya majaribio kwa kitambaa hichohicho. Ikiwa paterni umeichapa mwenyewe, pima kwa rula mraba wa majaribio uliochorwa kwenye karatasi kabla ya kukata chochote, maana printa ikipunguza ukubwa kidogo tu, kifua chote kitabana.

Mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliandika barua kutoka Edirne, mji wa Uturuki, akieleza mavazi yake ya Kituruki: suruali pana, shati la hariri nyepesi, entari yenye kubana mwili, kisha kaftani na mshipi. Mpangilio huo una maana kwa mshonaji, kwa kuwa vipimo vya entari vichukuliwe ukiwa umevaa shati la ndani, la sivyo itakubana kifuani.

Shalvari ni kazi nyepesi. Jina lake na suruali yetu ni ndugu, na ushonaji wake hauna siri kubwa, ila usishawishike kuupunguza upana wa katikati ya miguu, kwani huo ndio unaomwezesha mvaaji kukaa chini bila mshono kuchanika.

Kuhusu kitambaa, kutnu, kitambaa cha Gaziantep nchini Uturuki chenye mtande (nyuzi za urefu) wa hariri na mshindio (nyuzi za upana) wa pamba, ndiyo ningeipendekeza kwa anayeweza kuipata. Asiyeipata achague pamba nzito kiasi yenye milia, aifue na kuipiga pasi kabla ya kukata. Satini ya poliesta siipendi kwa vazi hili, kwa kuwa huteleza chini ya sindano na pembe za kikwapa hazitulii.

Unapounga taharizi, upande wake wa mshazari uungane na upande ulionyooka wa badani, ili mshono usivutike. Hata hivyo mshazari utashuka kwa uzito wake, kwa hiyo itundike entari usiku kucha, asubuhi uusawazishe urefu wake wote kuzunguka, ndipo ushone upindo.