Barua kwa mwanangu: lichunge hilo donge la damu

Mwanangu Hamadi,

Asalaam aleikum. Sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa na baba yako, maana mbili za mwanzo sikujua wapi unasema na wapi unagugumia. Mdomo haufunguki, nimesikia. Umeniuliza uling'oe hilo gego la mwisho au uvumilie. Daktari akitaka kuyang'oa yote manne umkubalie au la. Na utakaa siku ngapi bila kusimama mbele ya wanafunzi wako wa darasa la tatu. Kisha ukamalizia kwa lile ulilojifanya unatania: "Mama, lako lilikuliza siku ngapi vile?" Nakujibu kwa kuandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Ling'oe. Magego ya mwisho huchomoza baina ya miaka 17 na 25, yakakuta wenzao wameshajipanga na taya limeshajaa. Lako, kwa ulivyoniambia picha ya eksirei inavyoonyesha, limelala likamwegemea jirani yake, nusu nje nusu ndani, na nyama ya fizi imelifunika kama kofia. Chini ya kofia hiyo chakula kinaingia, mswaki haufiki. Ndiyo maana fizi inavimba, mdomo unakaza, unameza dawa wiki nzima, inatulia, unasahau. Hii ni mara ya tatu tangu mfungo tatu, nimehesabu. Vidonge vinazima moto, kuni ziko pale pale. Na usingoje ufike umri niliongojea mimi. Kadiri miaka inavyokwenda mfupa wa taya hukomaa ukawa mgumu, na kidonda hukawia kufunga.

Hayo matatu mengine ni shauri jingine. Muulize daktari sababu ya kila jino, moja moja. Jino lililolala kimya, halijaoza, halina usaha, halimharibu jirani yake, mtu anaweza kuliacha likawa linaangaliwa tu. Uingereza, tangu mwaka 2000, mwongozo wa huduma yao ya afya unasema gego lililokwama lisilo na maradhi lisiondolewe kwa kujikinga. Mwongozo huo huo unasema fizi ikishavimba mara ya pili, hiyo ni sababu tosha ya kuling'oa. Marekani kijana anaweza kuambiwa ayatoe yote manne kwa siku moja. Kwa hiyo hata wenyewe hawajaafikiana. Mimi msimamo wangu unaujua: sing'oi mti usionizibia njia.

Umesema mwenzenu mmoja ofisini kakutisha kwamba mtu hupooza mdomo. Mwambie akapumzike. Ndani ya taya la chini, karibu na mizizi ya gego hilo, unapita mshipa wa fahamu unaoleta hisia za mdomo wa chini na kidevu. Upande wa ndani unapita mwingine wa ulimi. Mishipa hiyo ikiguswa unabaki na ganzi, mdomo hauendi upande. Unakunywa chai hujui kama imekudondokea kidevuni, au upande wa ulimi unapoteza ladha. Mara nyingi hisia hurudi baada ya wiki au miezi, na wanaobaki nayo maisha hawafiki mmoja katika watu 100. Lakini wewe kazi yako ni kusema mchana kutwa, kwa hiyo uliza kabla ya kukaa kwenye kiti: mizizi yangu iko umbali gani na mshipa? Ikionekana inagusana, daktari anaweza kutaka picha ya kina zaidi, au akakata kichwa cha jino na kuiacha mizizi humo humo. Usione haya kuuliza, unasomesha watoto wa watu, usiogope kuwa mwanafunzi.

Sasa langu. Nililing'oa nina miaka 41, wewe ukiwa darasa la tano. Kung'oa kwenyewe hakukuniuma. Unapigwa sindano ya ganzi, unakaa macho, unasikia kusukumwa na kukwaruzwa, jino linakatwa vipande vipande na mfupa unalia kama mlango wa zamani. Ukisikia maumivu badala ya kusukumwa, inua mkono, utaongezwa ganzi. Nilirudi nyumbani najiona shujaa. Jioni jirani akanishauri nisukutue maji ya moto ya chumvi "kuua vidudu". Nikasukutua mashavu yakivuma, nikatema kwa nguvu hadi beseni likawa jekundu. Kesho yake nikanywa juisi ya ukwaju kwa mrija.

Siku ya tatu, alfajiri, ndipo ulipoamka ukanikuta jikoni nimeegemeza shavu kwenye mlango wa friji. Umesahau lakini mimi sikusahau uso wako. Yale maumivu hayakukaa kwenye fizi, yalipanda sikioni, yakafika kwenye paji, na mdomo ukanuka hata mimi mwenyewe nikajikimbia. Nikachukua tochi na kioo. Shimo lilikuwa tupu, na chini kabisa nikaona kitu cheupe cheupe. Ulikuwa mfupa.

Nilifundisha baiolojia miaka yote ile na sikulijua jambo dogo hili: jino likitoka, lile shimo hujaa damu, damu ikaganda, na donge hilo ndiyo bendeji yenyewe. Chini yake nyama mpya inaota. Ukilisukutua au ukilivuta kwa mrija, mfupa na neva zinabaki wazi. Madaktari wanaita shimo kavu. Kwa meno ya kawaida huwapata wachache katika kila 100, kwa magego ya mwisho ya chini huwapata wengi zaidi. Na haliji siku ya kwanza. Linakungoja siku ya pili, ya tatu, hata ya nne, pale unapodhani umeshavuka.

Nilirudi kwa daktari. Hakunigombeza. Akaliosha shimo kwa bomba la sindano, maji ya chumvi ya vuguvugu, kisha akashindilia kidude cha rangi ya kahawia kama nyuzi za kumbi. Ile harufu! Mtoto wa mchumaji wa Wete, Pemba, nimelala juu ya magunia tangu sijui kusema, nikaitambua hata kabla hajafunga kichupa: karafuu. Mafuta yake, wanayaita yujinoli, yanatuliza neva. Sijamaliza kushuka ngazi, nusu ya maumivu imeshaondoka. Nikarudi kubadilishiwa mara mbili, basi. Wala usije ukajitia punje ya karafuu humo shimoni kwa kuwa mama kasema. Mafuta makali yanaunguza fizi, na punje inakwama. Ikifika siku ya tatu maumivu yakapanda badala ya kushuka, rudi uliposhughulikiwa.

Kwa hiyo siku ya kwanza usifanye ushujaa wowote. Ile pamba uliyopewa iume kwa utulivu nusu saa hadi dakika 45, usiitoe kila dakika kuangalia, ukiitoa unaanza upya. Mate yakiwa na wekundu usiku kucha si ajabu, tone moja la damu kwenye mate linaonekana bakuli zima. Ikiwa damu inajaa mdomo, kunja kitambaa safi kilicholowa, ukiume tena nusu saa bila kusema neno. Kipakti cha majani ya chai kilicholowekwa nacho husaidia. Ikikataa, nenda hospitali. Usile chochote cha moto ganzi haijaisha, utajiunguza au utajitafuna shavu. Usisukutue hadi saa 24 zipite. Baada ya hapo, maji ya vuguvugu na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, kila ukimaliza kula, uyaache yazunguke taratibu na uyaachie yaanguke yenyewe kwenye sinki. Mrija hapana. Dafu ndiyo maana Mungu kaliwekea mdomo mpana.

Uvimbe usikutishe. Unapanda siku ya pili na ya tatu, utafanana na mtu aliyeficha embe shavuni, kisha unashuka. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 unaweka 15 unatoa, siku ile ya kwanza. Shimo likianza kufanya utando wa manjano iliyopauka, si usaha, usilichokonoe. Dawa: parasetamo vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa siku. Ibuprofeni inafanya kazi vizuri pamoja nayo, lakini wewe una vidonda vya tumbo tangu chuo, kwa hiyo mwambie daktari mapema, na aspirini usiiguse, inazidisha kutoka damu.

Jambo jingine umwambie daktari ni sigara. Usinijibu. Shati lako la Idi ni mimi niliyelifua. Moshi unaibana mishipa ya damu na kule kuvuta kunaling'oa donge, na shisha ndiyo mbaya zaidi. Siku tatu kwa uchache, na ukishaweza tatu unaweza na nne. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Kuna mambo ambayo hayangoji asubuhi wala hayangoji kuniuliza mimi: ukishindwa kumeza mate yako, pumzi ikiwa nzito, uvimbe ukishuka shingoni au chini ya ulimi, homa ikapanda na mdomo ukazidi kukaza. Hapo panda bodaboda, hata kama ni saa tisa za usiku, uende hospitali kubwa.

Kuhusu kazi, kaa nyumbani siku tatu nne. Ng'oa Alkhamisi, Jumatatu utaweza kuandika ubaoni, kusema kwa sauti labda Jumatano. Nyuzi za kushonea fizi, nyingi huyeyuka zenyewe wiki moja au mbili, fizi hufunga kwa wiki tatu nne, na mfupa wa ndani unachukua miezi kujaa, ila hilo hutalisikia. Usipange wakati wa Ramadhani, utashindwa na vidonge.

Mimi nitapanda boti Jumatano nilale Unguja, Alkhamisi mchana nifike kwako. Karafuu zimo majamvini lakini baba yako atazigeuza, kashakubali kwa kununa. Nachukua ngano, nitakupikia bokoboko laini lisilohitaji meno. Mwambie mama mwenye nyumba asikuletee urojo kwa huruma yake, ndimu na pilipili ile itakukimbiza uchi barabarani. Na ununue tochi ndogo, hiyo ya simu inapofusha macho na haionyeshi kitu.

Mama yako