Wakate watakavyo, ila mwiko wa hadithi wasiuguse

Mleta mada anauliza kama sisi tuliosoma vitabu ndio tunaowaharibia wenzetu raha ya muvi za kichawi, maana taa zikiwaka tu tushaanza: "Kitabuni haikuwa hivi!" Mkuu, wasumbufu tupo kweli. Hapa Mtwara mjini nina jamaa ambaye mpaka leo hajamsamehe mwongozaji Peter Jackson kwa kumwacha Tom Bombadil, mhusika wa kitabuni, nje ya filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings, ya 2001. Ukikaa naye kahawani Chikongola, jiandae kuisikia kesi hiyo upya.

Mimi kwa Bombadil sina neno. Kitabu kinasomwa wiki, filamu ina saa tatu, lazima kitu kiachwe. Kilichonikera ni yule askari Faramir kwenye filamu ya pili, 2002. Kitabuni anagundua kwamba Frodo, shujaa wetu, anayo ile pete yenye nguvu inayowatamanisha watu, na anakataa kuichukua. Alishasema hata angeikuta njiani asingeiokota. Hiyo ndiyo tofauti yake na kaka yake, ambaye pete ilimshinda. Filamuni anawakokota Frodo na mwenzake mateka mpaka mji wa Osgiliath ndipo moyo unamgeuka. Dakika hazikupungua hapo, ziliongezeka! Alichopunguziwa Faramir ni utu wake.

Ndiyo maana nasema kukata si kosa. Kosa ni kuvunja mwiko uliobeba hadithi, na kila hadithi nzuri ya kichawi inao.

Nikupe mfano ulioniuma zaidi. Nikiwa sekondari Newala, mwalimu mmoja aliniazima A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, kitabu cha 1968, nakala isiyo na jalada. Kiingereza changu cha kuungaunga, lakini nilipofika pale mtoto anapotimiza miaka kumi na tatu nilisoma na kurudia. Anavuliwa jina la utotoni, Duny, alilopewa na mama yake. Anaingia uchi kwenye maji baridi ya mto Ar, anavuka. Ng'ambo mchawi Ogion anamshika mkono na kumnong'oneza jina lake la kweli: Ged. Mbele za watu ataitwa Sparrowhawk, na Ged watalijua wachache mno, kwa sababu anayelijua jina la kweli la mtu amemshika mtu huyo.

Sasa mwambie hayo mtu wa Umakondeni! Kwetu kijana anatoka jandoni na jina jipya, na ukimwita lile la utotoni mbele za watu umemtukana. Nilishangaa huyu mama wa Marekani kayatoa wapi mambo yetu. Na Ged mwenyewe si Mzungu: ngozi yake ni ya kahawia nyekundu, rafiki yake Vetch ni mweusi kabisa.

Mwaka 2004 wakaitengenezea runinga. Ged akawa kijana mweupe. Vetch naye mweupe. Danny Glover, mwigizaji mweusi, akapewa Ogion, labda ili tusiseme. Le Guin alilalamika hadharani mwaka huohuo, kuhusu rangi na kuhusu kuwekwa kando kwenye maamuzi. Lakini kuna jingine wengi hawalitaji: majina waliyageuza. Ged likawa jina la mtaani, Sparrowhawk ndilo la siri. Maana yake hakuna aliyejali lipi linafichwa na kwa nini. Babu yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, asingefanya kosa hilo.

Halafu kuna Eragon, ya 2006, ya kijana na joka wake. Hii niliiona banda la video hukohuko Newala, msimu wa baridi, watu wamejikunyata na makoti kwenye mabenchi, mwenye banda anatutafsiria kwa sauti yake. Kitabuni yule joka analelewa kwa siri: kijana anamjengea kibanda juu ya mti, anamletea nyama, wanazoeana taratibu. Filamuni anaruka angani akiwa mdogo, radi mbili tatu, anashuka mkubwa wa kupandwa. Mwenye banda akasahau kutafsiri: "Hee! Kalishwa nini huyu?" Mzee mmoja nyuma akajibu kwamba hata mkorosho unataka miaka mitatu. Banda zima likacheka, na hakuna hata mmoja mle aliyekuwa amesoma kitabu. Kwa hiyo mkuu, usitusingizie sisi wasomaji. Ile ya kulea ikiondolewa, kila mtu anaona pengo.

The Golden Compass ya 2007 sitaipigia kelele sana. Sura za mwisho za kitabu, zile chungu, waliziweka akiba kwa ajili ya filamu ya pili, na ya pili haikutengenezwa. The Hobbit nayo ilipata ugonjwa wa upande wa pili: kitabu kimoja cha watoto kikavutwa kuwa filamu tatu, karibu saa nane. Nililala kwenye ile ya tatu, kelele zote zile.

Umeuliza pia ningependa kitabu gani chetu kigeuzwe filamu. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, bila kufikiri mara mbili. Kina jini, kina mji uliogeuka mawe, kina ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa husuda yao, na Adili, ndugu yao, analazimika kuwachapa kila usiku huku roho ikimuuma. Atakayeitengeneza apunguze safari za baharini apendavyo, abadilishe mavazi, awavalishe hata suti za Kariakoo. Lakini kile kiboko cha usiku akikiondoa ili Adili apendeze kwa watoto, nauli yangu ya kwenda Dar kuitazama nitamdai.