Maswali na Majibu: Mbio za vilimani

SWALI: Kwenye tambarare nakimbia kilomita 10 kwa saa moja bila taabu. Sasa nimepata njia ya shamba yenye urefu huohuo: lami, magari ya kuhesabika, milima mbele yako, ila ni vilima mwanzo mwisho. Kufika kilomita ya tatu nahema kama nimekimbizwa. Kesho kutwa yake mapaja yanauma hata kushuka ngazi ni kazi. Nakosea wapi?

JIBU: Huenda mara mbili. Unapopanda unaifuata saa. Dakika 6 kwa kilomita ni mwendo wa tambarare; kwenye mwinuko wa asilimia 5, yaani mita 50 za kupanda katika kila kilomita, mwendo huohuo unadai nguvu zaidi kwa kama robo hivi. Acha saa, fuata pumzi: ukishindwa kutamka sentensi fupi bila kukatika, umezidisha. Fupisha hatua, mguu utue chini ya nyonga na si mbele yake, mwili uinamie mlima kuanzia kwenye vifundo vya miguu. Wengi hukunja kiuno, kifua kikabanwa na pumzi ikapungua zaidi. Mwinuko ukipita asilimia 15, tembea haraka. Si aibu; mara nyingi wanaolazimisha kukimbia hapo hawakuachi mbali.

Maumivu ya mapaja, hata hivyo, hayakutoka kwenye kupanda. Ukiteremka, msuli wa mbele ya paja unavutwa huku ukibeba uzito wako, kila hatua ni breki. Nyuzi zake huchanika kidogokidogo, na maumivu hukomaa kati ya saa 24 na 72 baadaye, ndiyo maana siku yenyewe ulijiona mzima. Sikiliza nyayo zako: zikipiga pa! pa! pa!, umejiegemeza nyuma na kisigino kinatua mbali mbele ya mwili. Ongeza idadi ya hatua, ziwe ndogo na nyepesi, goti likunjwe kidogo wakati wa kutua. Habari njema ni kwamba msuli huzoea upesi. Wiki mbili za mwanzo kimbia nusu tu ya njia hiyo, mara moja au mbili kwa wiki, na miteremko mirefu iteremke polepole.

SWALI: Ukucha wa kidole gumba cha mguu umekuwa mweusi. Ninunue viatu vikubwa zaidi?

JIBU: Pima kwanza. Simama umevaa viatu: mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kama ipo, tatizo ni mguu kuteleza mbele kwenye mteremko. Ingiza kila ncha ya kamba kwenye tundu la juu kabisa la upande uleule, bila kuvusha, ubaki na kitanzi kidogo. Kisha pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, funga. Kisigino hakitatoka mahali pake. Na kata kucha.

SWALI: Nikimbie upande gani wa barabara? Nyonga moja imeanza kuuma.

JIBU: Upande unaokukutanisha na magari uso kwa uso. Isipokuwa penye kona iliyofichwa na ukingo wa mlima, au kilele cha kilima: vuka mapema, ukae upande ambao dereva atakuona kwa mbali, kisha urudi.

Kuhusu nyonga, lami nyingi imeinuka katikati ili maji yateremkie kando, kwa hiyo mguu wa ukingoni hukanyaga chini kuliko mwenzake kwa kilomita zote 10. Wengi hushauriwa wageuze njia, waanzie mwisho. Haisaidii: ukiendelea kuyakabili magari, mguu wa ukingoni ni uleule. Palipo wazi mbele na nyuma, na huna visikizi masikioni, sogea katikati ambako ni sawa, urudi ukingoni ukisikia injini. Bega la barabara lenye udongo tambarare linafaa pia, mradi halina kokoto.

SWALI: Kuna ubaya kutazama milima huku nakimbia?

JIBU: Ukipanda, tazama upendavyo. Ukiteremka, macho yawe mita 10 mbele yako. Shimo dogo la lami linatosha kukuteguisha mguu. Bondeni kuna nafasi ya kusimama.