Maswali na majibu: Ioni zinazobadilika na neutroni zinazozipima

Vitabu vinasema samariamu katika SmB6 (kampaundi ya samariamu na boroni) ina valensi, yaani idadi ya elektroni ilizopoteza, ya 2.6 hivi. Ioni itapotezaje elektroni 2.6? (Mwanafunzi wa kemia, Morogoro)

Haipotezi elektroni nusunusu. Hiyo 2.6 ni wastani. Yapo makampaundi ambamo ioni zimegawana nafasi: katika Eu3O4, europiamu ya 2+ ina mahali pake kwenye fuwele na ya 3+ ina pake. SmB6 si hivyo, kwa sababu nafasi zote za samariamu zinafanana. Kila ioni mara inakuwa na elektroni sita katika ganda la 4f (ganda la ndani la atomi), mara tano, huku elektroni moja ikitoka kwenda kwenye mkondo wa pamoja na kurudi. Hii ndiyo valensi mchanganyiko ninayoipenda, maana hakuna ioni hata moja unayoweza kuinyooshea kidole ukasema, “hii ni ya 2+.”

Mtu anajuaje kwamba zinabadilika kweli?

Kwa kuziangalia kwa vipimo vyenye kasi tofauti. Piga picha panga boi linalozunguka: kamera ya haraka itaonyesha mapanga, ya polepole itaonyesha duara la ukungu. Eksirei zinazong'oa elektroni ni za haraka mno, nazo huonyesha alama za 2+ na 3+ bega kwa bega. Kipimo cha Mössbauer, kinachotumia miale ya gama inayomezwa na viini vya atomi, na ambacho kwa samariamu huchukua nanosekunde kadhaa, huonyesha mstari mmoja tu ulio katikati. Basi mabadiliko yanatokea kati ya kasi hizo mbili.

Neutroni zinaongeza nini hapo?

Mengi. Neutroni haina chaji, lakini ina usumaku wake, kwa hiyo hupenya ndani ya fuwele na kusukumana na usumaku wa elektroni za 4f. Ile inayotoka kwenye kinu cha nyuklia ikiwa na nishati ya milielektronivolti 25 hivi (milielektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati) hukimbia mita 2,200 kwa sekunde, mwendo ambao saa nzuri inaupima bila shida. Ikichelewa kufika kwenye kigunduzi, tunajua imeacha kiasi gani cha nishati ndani ya sampuli.

Ioni ya kawaida ya lanthanidi (kundi la elementi kama samariamu, seriamu na thuliamu), yenye valensi thabiti, hutoa vilele vyembamba, kila kimoja kikiwa ni hatua kati ya ngazi zake za nishati. Lakini ukipima CePd3, kampaundi ya seriamu na paladiamu yenye valensi mchanganyiko, vilele hivyo huvioni. Unapata mwinuko mpana wenye makumi ya milielektronivolti. Upana huo ndio habari yenyewe: milielektronivolti 20 ni sawa na muda wa sekunde 3 × 10⁻¹⁴ hivi, yaani usumaku wa ioni haudumu zaidi ya hapo. Ndiyo maana makampaundi mengi ya aina hii hayajipangi kuwa sumaku hata yakipozwa sana.

SmB6 ikaleta jambo jingine. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Kurchatov ya Moscow na wenzao walikuta humo, kwenye baridi kali, kilele chembamba karibu na milielektronivolti 14, ambacho hufifia joto linapopanda. Kwangu mimi hicho ni miongoni mwa vipimo vizuri kabisa katika uwanja huu.

Lakini boroni si ndiyo inayotumika kuzima vinu kwa kumeza neutroni?

Ndiyo, na samariamu ni mlafi zaidi. Wa kulaumiwa ni isotopu mbili (isotopu ni atomi za elementi ileile zenye uzito tofauti): boroni-10, ambayo ni karibu asilimia 20 ya boroni ya asili, na samariamu-149. Sampuli ya SmB6 ya kawaida ingemeza karibu kila kitu. Kwa hiyo hukuzwa fuwele maalumu ya boroni-11 na samariamu-154, isotopu zilizotenganishwa kwa gharama kubwa.

Je, valensi mchanganyiko huua usumaku kila mara?

Hapana. TmSe, kampaundi ya thuliamu na seleniamu, hujipanga kisumaku kwenye kelvini 3.5 hivi, yaani karibu na sifuri kamili. Sababu inayotolewa ni kwamba thuliamu ina usumaku iwe 2+ au 3+, ilhali samariamu ya 2+ katika hali yake ya chini haina.

Niliona fuwele nyeusi ikigeuka rangi ya dhahabu ilipobanwa. Ni ujanja wa kamera?

Ni kweli, hiyo ni SmS, kampaundi ya samariamu na salfa. Kwenye joto la kawaida hubadilika ikibanwa kwa gigapaskali (kipimo cha shinikizo) 0.65 hivi, na hata kuikwaruza kunatosha kugeuza uso wake. Ikiwa nyeusi, samariamu yake ni 2+. Ikiwa ya dhahabu, valensi imepanda kuelekea 3+. Usumaku, hata hivyo, haujipangi hapo hapo: inabidi uendelee kubana hadi karibu gigapaskali 2.