Muulize Fundi: Shokapu mpya, mlio uleule

Swali: Fundi, shikamoo. Nina gari la michezo la milango miwili, injini mbele, linasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Lina miaka 11 na kilomita 140,000. Mwaka jana nililishusha kwa springi fupi, likateremka kama milimita 30. Sasa nyuma kushoto kuna kelele. Kwenye barabara ya mashimo, chini ya kilomita 30 kwa saa, nasikia ko-ko-ko. Nikifika 80 kwenye lami, kimya kabisa. Nikipanda tuta polepole kunalia kwiii kama kitanda kikuukuu. Na nikitoka rivasi kuingia gia ya kwanza, tak! Mara moja tu, basi. Fundi wa kwanza alibadilisha shokapu zote mbili za nyuma, kelele iko palepale. Wa pili anasema ni difu, lile boksi la gia kati ya magurudumu ya nyuma. Nimechoka kununua vipuri.
*Dada wa gari jekundu*

Jibu: Marahaba, dada. Wewe huna mlio mmoja, unayo mitatu, na kila mmoja una mwenyewe. Ndiyo maana shokapu hazikukusaidia, na ndiyo maana sitaki uguse difu kwanza.

Shokapu husingiziwa sana. Ikifa, mara nyingi inavuja mafuta, na gari likishavuka tuta linaendelea kudunda mara mbili tatu badala ya kutulia. Kugonga si tabia yake, ila kama nati ya juu au maunti yake, kile kishikilio cha juu, imelegea. Na kwa kuwa zako zimefunguliwa juzijuzi, hizo nati za juu zikaguliwe leo hii. Ni kazi ya dakika tano.

Kabla ya hapo, toa kila kitu kwenye buti: spea, jeki, spana, hata chupa ya maji. Usinicheke. Niliwahi kufungua nyuma yote ya gari la mteja, siku nzima, nikitafuta ko-ko kama hiyo yako. Ilikuwa jeki, imekaa kwenye kikalio chake lakini haikukazwa. Mteja alicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa na grisi mpaka kwenye masikio, kwa hiyo sikuona cha kuchekesha.

Haya, tuianze ko-ko-ko. Tafuta tuta linalokata barabara nzima. Livuke kwa mwendo wa mtu anayetembea, magurudumu ya nyuma yapande yote mawili kwa pamoja, huku umefungua dirisha. Halafu rudi, safari hii upitishe gurudumu la kushoto peke yake kwenye tuta au kwenye shimo. Mshukiwa wangu ni stabilaiza, ile fimbo inayounganisha kushoto na kulia. Magurudumu yakipanda pamoja, fimbo inazunguka tu ndani ya mipira yake, haijikunji. Likipanda moja, fimbo inajipinda, na nguvu yote inapita kwenye linki zake, vile vijiti vifupi vyenye kigololi kila mwisho. Kigololi kikilika, kinagonga ndani ya kikombe chake. Kwa hiyo ukisikia ko-ko kwenye jaribio la pili tu, umeshapunguza kazi nusu.

Kuhakikisha, fungua linki zote mbili, kushoto na kulia, uzifunge pembeni kwa waya zisiguse kitu, kisha pita barabara ileile taratibu. Taratibu kwelikweli, maana gari lisilo na stabilaiza linalala kwenye kona kuliko ulivyozoea. Likinyamaza, nunua linki mbili na usinunue kingine.

Mafundi wengi hukosea kwenye kukagua linki. Wanainua upande mmoja kwa jeki, wanaitikisa, wanasema nzima. Upande mmoja ukining'inia, stabilaiza imejipinda na inakibana kigololi, uchezaji wote unafichika. Magurudumu yote mawili ya nyuma yawe kimo kimoja, gari limesimama kwenye rampu au juu ya shimo la gereji, ndipo ushike linki na kuitikisa. Kidole kitahisi kabla sikio halijasikia. Na ikiwa lazima gari liinuliwe, likae kwenye stendi. Chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hakuna mtu anayeingia, hata kuokota nati.

Kwiii ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu nadhani uliinunua pamoja na zile springi. Bushi ni vile viungio vya mpira kwenye mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu, na nyingi za kiwandani ni mpira uliogandishwa kati ya bomba mbili za chuma. Bolti inabana bomba la ndani lisizunguke. Mkono ukipanda na kushuka, hakuna kinachoteleza: mpira wenyewe ndio unajinyonga kidogo na kurudi. Sasa, bomba la ndani linabaki pale lilipokuwa siku bolti ilipokazwa. Ukilishusha gari milimita 30 bila kulegeza bolti, au fundi akizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira unaishi umenyongwa usiku na mchana, hata gari likiwa limelala. Utalia, kisha utachanika.

Kumjua anayelia, chukua chupa ya kunyunyizia maji. Mtu alitikise gari kwa kulikandamiza juu ya buti, nawe unyunyize bushi moja, usikilize, uende inayofuata. Ukimya ukija hata kwa dakika chache, umempata. Maji tu. Oili ya injini na grisi ya kawaida huvimbisha mpira na kuulainisha, utakuwa umenunua ukimya wa wiki moja.

Kama mpira haujachanika, dawa haina kipuri hata kimoja: legeza bolti za mikono ya nyuma, gari likae kwa uzito wake juu ya magurudumu, litikise litulie, kisha zikaze hapohapo kwa kipimo cha kitabu cha gari. Zilizochanika zibadilishwe, nazo zikazwe vivyo hivyo. Ukikuta mwenye gari wa zamani aliweka bushi ngumu za plastiki, hizo huteleza kweli na zinataka grisi ya silikoni.

Imebaki tak. Rudi nyuma, shika breki usimame, kisha nenda mbele. Sikiliza inatokea lini hasa. Ikitokea pale unapogusa breki kwa mara ya kwanza ukielekea mbele, ni pedi za breki zinazosogea kwenye kishikio chake. Hiyo safisha, weka klipu mpya, usipoteze usingizi. Ikitokea klachi inaposhika tu, kabla hujagusa breki, tazama meno ya ekseli yanapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, na nati yake, halafu mipira inayoshikilia difu. Hiyo mipira utaijua kwa kuingiza mtaimbo na kulisukuma difu, injini imezimwa, gari liko kwenye stendi.

Kwa hiyo huenda fundi wako wa pili amepajua mahali, amekosea kitu. Difu lililolika kwa ndani kwa kawaida hupiga mluzi kwenye mwendo, na mluzi hubadilika ukikanyaga na kuachia mafuta. Lako kwenye 80 liko kimya. Akitaka kulishusha, mwombe kwanza akuonyeshe mipira yake.

Swali: Gari langu linavuma nyuma kuanzia kilomita 60 kwa saa. Beringi au tairi?

Jibu: Tafuta kona ndefu, salama, ya mwendo huohuo. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia. Mvumo ukizidi, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa, na kinyume chake. Usipobadilika, pitisha kiganja juu ya tairi kuelekea mbele, kisha kuelekea nyuma. Ukihisi meno ya msumeno kiganja kikielekea upande mmoja tu, ni tairi, na hapo kapime pembe za magurudumu kabla ya kununua nyingine. Magari mengi ya michezo yana tairi pana zaidi nyuma, kwa hiyo soma saizi kwanza. Zikilingana, hamishia za nyuma mbele uone mvumo umezifuata au umebaki na habu.